Gauni la Mama, Raba za Leo

Mimi ni mhasibu, naishi Tabata, na asubuhi nyingi naingia ofisini Posta nikiwa na kitu kimoja mwilini kilichonizidi umri. Huenda ni sketi ya marinda ya mama, saa ya baba, au skafu niliyoichomoa kwenye lundo pale soko la mitumba la Karume. Kimoja tu. Vingine vyote ni vya leo: raba nyeupe, tisheti isiyo na maandishi, jinsi, hereni ndogo. Wanaoniuliza mbona wao wakivaa nguo za zamani wanaonekana wameazima huwa nawaeleza hilo kwanza. Ukivaa gauni la 1974, viatu vya raizoni vyenye soli nene, mkoba wa enzi hizo na nywele za mtindo wa enzi hizo, watu wanaona igizo, hawakuoni wewe. Vaa gauni lile lile na raba na nywele zako za kila siku, linakuwa lako.

Anza na masanduku ya nyumbani

Kabla hujapanda daladala kwenda sokoni, kaa na mama, shangazi au bibi, umwombe akufungulie sanduku. Wengi wao walivaa wakati kitambaa ni adimu na nguo ni ya kumwendea fundi. Ndiyo maana nguo zao zina siri moja nzuri: ndani ya mshono wa ubavuni kuna akiba ya kitambaa, wakati mwingine upana wa kidole kizima, iliyoachwa ili nguo itanuliwe mwenyewe akinenepa. Geuza gauni nje-ndani uitafute. Ukiikuta, usiseme halikutoshi kabla fundi hajaliona.

Omba kwa adabu na uulize lilivaliwa wapi. Maelezo hayo yatakusaidia hata kujua namna ya kulivaa. Shangazi yangu alikuwa na gauni fupi jekundu lililokaa sandukuni kwa sababu Januari 1969 Operesheni Vijana, ile ya vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, ilianza kufanya kazi Dar es Salaam, na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku. Aliponipa alisema, "Mwanangu, hili mimi nililivaa ndani tu." Mimi nalivaa barabarani juu ya suruali pana ya kitani, kama kanzu fupi, na limeniwia rahisi kuliko nguo nyingi nilizonunua dukani. Gauni lolote lililo fupi kuliko unavyopenda, lijaribu hivyo kwanza.

Na usiyapite makabati ya wanaume. Kaunda suti ya baba au babu, ile iliyopewa jina la Rais wa kwanza wa Zambia, ni hazina. Kosa ni kuvaa juu na chini pamoja, maana hapo unarudi kwenye igizo. Koti lake, lenye mifuko minne ya kushonewa juu, livae wazi juu ya tisheti nyeupe na jinsi. Kama ni la mikono mirefu, kunja mikono mara mbili mpaka chini kidogo ya kiwiko. Suruali yake ivae siku nyingine, na blauzi laini, mkanda ukaze kiuno.

Sokoni, soma nguo kabla ya bei

Karume, Tandika, Manzese. Walio Nairobi wana Gikomba na Toi, Mombasa kuna Kongowea. Nenda asubuhi siku belo, ule mzigo wa mitumba uliofungwa, linapofunguliwa kama unataka kuchagua wa kwanza, nenda jioni kama unataka bei. Nguo ya zamani kweli haitangazwi. Imelala katikati ya zile za juzi, na muuzaji mara nyingi anaiona ni chakavu tu.

Mimi naanza na lebo ya shingoni. Ikisema imetengenezwa Ujerumani Magharibi, nguo hiyo ni ya kabla ya Oktoba 1990, nchi hiyo ilipoungana na Mashariki. Ikisema Chekoslovakia, ni ya kabla ya 1993. Nguo za kike za Marekani unaweza kukuta kilebo kidogo cha chama cha wafanyakazi, herufi ILGWU zikiwa katikati. Chama hicho kiliungana na kingine mwaka 1995, kwa hiyo nguo ina umri wa kutosha. Lebo ya maelekezo ya kufua ilikuwa sharti Marekani kuanzia 1972, basi nguo ya huko isiyo nayo huenda ni ya kabla ya hapo, au mtu aliikata kwa sababu ilimwasha shingo. Angalia basi na zipu. Zipu ya chuma iliyoshonwa ubavuni ni dalili nzuri ya ukongwe.

Namba ya saizi usiiamini hata kidogo. Kumi na mbili ya Marekani ya miaka ya 1960 ni ndogo sana kuliko kumi na mbili ya sasa. Beba futi ya fundi mkobani, pima kwapa kwa kwapa, kiuno na bega, ulinganishe na nguo yako inayokukaa vizuri.

Kitambaa ndicho kinachoamua kama utaivaa au itaning'inia. Joto la Dar halina huruma na tetroni, yaani poliesta. Ukitaka uhakika, vuta uzi mmoja kutoka ndani ya mshono, nyumbani, uuchome juu ya sahani. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha jivu laini. Hariri na sufu zinanuka nywele. Poliesta inayeyuka na kuganda kidonge kigumu cheusi. Poliesta siitupi, ila naiweka mpaka kipupwe cha Juni na Julai, au kwa shughuli za usiku.

Lundo ninalolipenda kuliko yote ni la skafu. Watu wanalipita kwa sababu limekunjamana. Chukua skafu, shika ukingo wake kati ya kidole gumba na cha shahada, uuzungushe taratibu. Kama ukingo umeviringishwa ukawa mnene kama uzi wa viatu, na mishono yake haifanani, mmoja umekaa karibu na mwingine mbali kidogo, basi umeshonwa kwa mkono. Mashine inalaza ukingo bapa na mishono inakaa sawasawa kama imepigwa rula. Mtu hakai kuviringisha ukingo kwa mkono kwenye kitambaa cha ovyo; mara nyingi ni hariri. Skafu moja ya namna hiyo inavaliwa shingoni Jumatatu, inafungwa kwenye mpini wa mkoba Jumatano, inapitishwa kwenye vitanzi vya jinsi badala ya mkanda Jumamosi.

Kwa fundi

Hapa ndipo pesa yako iende. Nguo ya zamani ya bei ndogo iliyopita kwa fundi mzuri inashinda ya bei kubwa iliyoachwa ilivyo. Ila jua kinachowezekana. Kiuno, pindo na urefu wa mikono ni kazi nyepesi. Bega ni kazi ngumu, na fundi mkweli atakuambia. Wangu husema, "Dada, bega likikukataa, mwachie mwenzio," nami namsikiliza.

Magauni na makoti ya miaka ya 1980 yana mito mabegani. Usiing'oe tu. Ukiing'oa, bega linalala na kifua kinalegea, kwa sababu nguo ilikatwa ikiutegemea mto. Mwombe fundi aweke mwembamba zaidi, au aupandishe mshono wa bega kidogo. Ukishusha pindo la zamani, utabaki mstari pale lilipokuwa limekunjwa: lowesha kitambaa safi kwa maji yenye siki nyeupe, kiweke juu ya mstari, piga pasi. Mstari ukigoma, fundi aufunike kwa utepe na uonekane kama urembo. Zipu ya chuma inayokwama ipakwe mshumaa kwenye meno yake. Na vifungo vya asili visitupwe hata ukivibadilisha.

Kuhusu kanga za bibi, msimamo wangu ni mkali: kanga nzima isikatwe. Ikiwa bado ni doti kamili, vipande viwili, na maandishi yanasomeka, ukiikata hakuna atakayekuchapia nyingine. Kama ni ya Kaderdina Hajee Essak, wauza kanga wa Mombasa, wenye ile alama ya Mali ya Abdulla, basi itunze zaidi. Unaweza kupata sketi bila mkasi: fundi akunje marinda kiunoni kwa mishono mirefu inayofumulika, aweke kulabu, pindo libaki chini na jina, yaani yale maandishi, libaki linasomeka nyuma. Juu vaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, ulichomeke. Na soma jina kabla hujatoka. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" inakwenda popote. Zipo nyingine zilizoandikwa kwa ajili ya mke mwenza au jirani, na ukiingia nazo kwenye kikao, kuna mtu atadhani umemwandikia yeye. Kanga iliyokwisha kuchanika ndiyo ya kukata: itoe kilemba, kola, au bitana ya koti.

Kupanga umbo

Ninachokiangalia kwenye kioo ni upana. Kimoja kipana, kingine chembamba. Sketi ya marinda inataka juu pabane; koti lenye mabega makubwa linataka suruali iliyonyooka; bugaluu, ile suruali pana chini, inataka blauzi inayokaa mwilini na kiatu kinachofunikwa na upindo. Rangi nazo, nguo ya zamani yenye maua makubwa iachie nafasi: chukua rangi moja iliyo ndogo kuliko zote kwenye maua yale, uirudie kwenye kitu kimoja tu, viatu au hereni. Kama unapanda bodaboda, sketi ndefu pana ikunjwe na kukaliwa vizuri, au siku hiyo vaa suruali.

Saa, viatu, mikoba

Saa ya baba yangu ni Seiko 5, aina iliyoanza kutengenezwa 1963. Haina betri; inajijaza kwa mwendo wa mkono. Ikilala siku mbili tatu kabatini inasimama, ukiitikisa taratibu inaamka. Kama umerithi ya namna hiyo, badilisha mkanda wa chuma uweke wa ngozi mwembamba, na itakaa vizuri kwenye mkono wa kike. Usirekebishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa tisa alfajiri, kwa sababu muda huo meno ya kubadilisha tarehe yameshikana na unaweza kuyavunja. Usinawe nayo, mipira yake ya kuzuia maji imezeeka. Mpelekee fundi saa aifungue, aisafishe, aitie mafuta mapya.

Viatu vya zamani vichunguze kwa ukucha. Soli za povu za miaka ya 1980 na 1990 zinaoza zenyewe kwa unyevu hata kama hazijavaliwa. Bonyeza upande wa soli. Ikibaki na shimo au ikimeguka unga, viache. Soli ya ngozi au mpira inabadilishika kwa fundi viatu. Mkoba ufungue, uingize mkono ndani: kama bitana ya plastiki inanata vidoleni, itaharibu kila utakachoweka, labda ukubali kuiondoa yote na kushona nyingine.

Kufua na kuhifadhi

Kila nguo ya mtumba ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Kwanza lowesha kona ya kitambaa cheupe, uikandamize kwenye mshono wa ndani. Rangi ikitoka, ifue peke yake kwa maji baridi. Harufu ya belo inaondoka kwa siki kidogo kwenye maji ya mwisho na upepo wa kutosha. Hariri ifue kwa shampuu ya nywele, usiikamue, izungushie taulo unyonye maji. Anika kivulini, nguo ikiwa nje-ndani, maana jua letu linakula rangi iliyodumu miaka hamsini kwa wiki chache tu.

Dar adui ni unyevu. Usifunge nguo kwenye mfuko wa nailoni, utakuta madoa ya ukungu. Zikunje ndani ya shuka kuukuu la pamba, weka karafuu kwenye kitambaa kilichofungwa dhidi ya nondo, na wakati wa masika fungua kabati kila wiki nguo zipate hewa. Zile nzito zenye shanga zisining'inizwe, mabega yatachanika. Zilaze bapa, shanga zikiangalia ndani.