Umeme Ukikatika Haujazimwa: Kubadili Soketi kwa Usalama

Hapa Moshi wapo wanaongoja umeme ukatike, au uniti za LUKU ziishe, ndipo wafungue soketi iliyolegea. Hiyo ni hatari kubwa, kwa sababu umeme uliokatika hurudi wakati wowote, na volti 230 za nyumbani zinatosha kuua.

Kabla ya kuzima chochote, jaribu testa yako kwenye soketi inayofanya kazi, uone taa yake ikiwaka. Kisha zima swichi kuu pamoja na sakiti breka ya soketi husika, na uwaarifu wote waliomo, hasa wapangaji wenzako mnaotumia mita moja, maana anayeona giza ghafla hukimbilia kuwasha swichi kabla ya kuuliza. Boksi la swichi likiwa na kufuli, lifunge na ukae na ufunguo mfukoni. Likikosa kufuli, bandika karatasi yenye maandishi makubwa. Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote.

Ukishafungua soketi, pima kila waya kabla ya kuugusa. Usiamini rangi pekee: katika nyumba za zamani waya wa moto (unaoleta umeme) ni mwekundu na nyutro (waya wa kurudisha umeme) ni nyeusi, katika mpya ni kahawia na bluu, lakini huenda fundi aliyetangulia alitumia waya wowote aliokuwa nao. Vivyo hivyo kwa taa: swichi ikiwa imefungwa kwenye nyutro, holda hubaki na moto hata taa ikiwa imezimwa.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kuta zikilowa maji, ahirisha kazi hadi zikauke. Vaa viatu vikavu vya soli ya mpira, ukijua kwamba viatu havichukui nafasi ya kuzima.

Mita na lakiri zake ni za TANESCO, usiziguse; waya mpya na ethi (waya wa ardhini) mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Mtu akinaswa, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Isipowezekana, simama juu ya ubao mkavu umsukume kwa mti mkavu. Kisha apelekwe hospitali, Mawenzi au KCMC, hata akisema amepata nafuu, kwa kuwa umeme huweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuunguza ndani pasipoonekana.