SOMO: Hakikisha anayetuma barua pepe kwa jina la ofisi yako umemtuma wewe

Wadau, SMTP, itifaki inayobeba barua pepe, iliandikwa 1982, na haikuweka njia ya kumuuliza mtumaji, "Nani kakutuma?" Ndiyo maana tapeli anaweza kuandika domeni yako (jina linalofuata @) na ankara feki ikamfikia mteja wako. Dawa iko kwenye DNS, daftari la intaneti linalohifadhi taarifa za domeni yako.

Hatua ya 1: Orodha. Kabla hujagusa chochote, andika kila anayetuma kwa niaba yako: seva ya hosting, Google Workspace au Microsoft 365, mfumo wa ankara, hata printa inayotuma skani. Msiharakishe hapa. Utakayemsahau ndiye barua zake zitatupwa siku ukikaza masharti, na mhasibu hatakuelewa.

Hatua ya 2: SPF. Hii ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa domeni yako. Kwenye DNS weka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi):

v=spf1 include:_spf.google.com ip4:192.0.2.10 ~all

IP hiyo ni ya mfano, weka ya seva yako. Rekodi ya SPF iwe moja tu. Zikiwa mbili ukaguzi unafeli. Pia isilazimishe DNS kuulizwa zaidi ya mara 10.

Hatua ya 3: DKIM. Hii ni saini ya kidijitali ya barua. Iwashe kwenye kila huduma. Ufunguo wa wazi unaingia DNS, wa siri unabaki kwenye seva na kusaini kila barua. Chagua biti 2048.

Hatua ya 4: DMARC. Hapa ndipo penyewe. SPF hukagua anwani ya bahasha, yaani ile ambayo seva hupeana wakati wa kusafirisha barua, na msomaji haioni kwa kawaida. Tapeli anaweka domeni yake mwenyewe kwenye bahasha, anafaulu SPF vizuri kabisa, huku mteja akisoma jina lako. DMARC inadai domeni iliyofaulu SPF au DKIM ilingane na ile anayoiona msomaji. Chini ya _dmarc weka:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@example.com

Soma ripoti kwa wiki kadhaa. Zitakuonyesha IP zinazotuma kwa jina lako, zikiwemo usizozijua. Kisha panda p=quarantine (barua zinazofeli ziende spam), halafu p=reject (zikataliwe kabisa). Wengi huishia p=none wakidhani wamejikinga. Hiyo haizuii barua hata moja.

Hatua ya 5: Kagua. Kwenye kompyuta tumia amri ya dig +short TXT _dmarc.example.com, kisha jitumie barua Gmail na ufungue nakala yake asilia: zote tatu ziseme PASS.

MASWALI

*Mkuu, natuma barua chache tu. Masharti ya Google yananihusu?*
Yanakuhusu kiasi. Tangu Februari 2024 kila anayetuma kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF au DKIM. Wanaofikisha barua 5,000 kwa siku wanatakiwa kuwa na zote tatu.

*Barua ikisambazwa na seva nyingine, SPF inafeli. Nifanyeje?*
Lazima ifeli, seva hiyo haimo kwenye orodha yako. Saini ya DKIM husalimika mradi barua haijabadilishwa njiani, kwa hiyo usiiruke hatua ya 3.

*Nina domeni isiyotuma barua kabisa.*
Weka v=spf1 -all (hakuna seva inayoruhusiwa) na DMARC ya p=reject. Dakika tano tu.

*Na tapeli akisajili jina linalofanana na langu, tofauti herufi moja?*
Hapo DMARC haikusaidii, maana domeni ni yake kihalali na itafaulu yote. Waambie wateja wako mapema: akaunti ya benki ikibadilika kwa barua pepe, wapige simu kwa namba waliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ankara.