Kufunga karatasi ya kaboni kwenye seli ya hidrojeni

Seli ya hidrojeni huzalisha umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni ya hewa. Ndani yake, kati ya kichocheo (tabaka ambamo gesi humenyuka) na bamba lenye mifereji ya gesi, hukaa karatasi ya kaboni ambayo karibu robo tatu yake ni vinyweleo vitupu. Hupitisha gesi kwenda ndani, maji kwenda nje, na umeme pia. Kazi hizi huvutana: ukiibana mno, vinyweleo huziba, ukiilegeza, ukinzani wa umeme hupanda.

Kwa hiyo anza na unene. Karatasi ya milimita 0.25 ibanwe kwa asilimia 20, ibaki 0.20. Tumia gasketi (kizibo cha kuzuia gesi isivuje) ngumu ya 0.20 kila upande. Silikoni laini hubonyea yenyewe na kuvuruga hesabu yote. Kaza bolti kwa kukingamisha, kidogo kidogo.

Kabla ya kufunga, dondoshea tone la maji. Lisimame kama umande juu ya jani la nduma. Likinywewa, tefloni iliyopakwa ili kufukuza maji haitoshi na seli itafurika. Kisha tazama pande zote mbili. Ule laini usioonyesha nyuzi, wenye unga wa kaboni, uelekee kichocheo, nao wenye nyuzi uelekee mifereji. Ukikosea hapo nyuzi zaweza kutoboa utando unaotenganisha gesi mbili, na hilo ni hatari kweli: hidrojeni itakutana na oksijeni. Volti bila mzigo ikishindwa kufika 0.9, zima, fungua madirisha, kagua.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 82 badala ya 101. Seli ya sentimita mraba 25 inayotoa ampea 25, ikipewa hewa maradufu ya mahitaji, hutaka kama lita 1.1 kwa dakika hapa, Mombasa 0.9 ingetosha. Seli ikidhoofika, wengi hulaumu karatasi kumbe pampu ndiyo ndogo.

Volti ikirukaruka mzigo unapokuwa mkubwa, ongeza hewa kwa sekunde chache. Ikipanda na kutulia, maji yalikuwa yameziba vinyweleo. Ikizidi kushuka polepole, utando unakauka: ongeza unyevu.

Katika kielektrolaiza, yaani kifaa kinachotumia umeme kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni, usiweke kaboni upande wa oksijeni. Kwenye volti 1.8 hadi 2 kaboni huliwa na kuwa kaboni dioksidi. Hapo weka tandiko la nyuzi za titani lililopakwa platini, maana titani tupu hujivika oksidi isiyopitisha umeme vizuri. Upande wa hidrojeni, karatasi ya kaboni hudumu.