Somo: Kuendesha semina ya mtandaoni kwa viongozi wa makanisa na mashirika mkoani Kigoma

Ndugu wanachama, somo hili nimewaandalia ninyi mliopewa jukumu la kuwafundisha wachungaji, makatekista, wazee wa kanisa, makatibu wa umoja wa akina mama na waratibu wa mashirika yasiyo ya kiserikali, watu waliotawanyika kuanzia Kakonko na Kibondo hadi vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kama Sunuka, Sigunga, Herembe na Kalya. Kiongozi wa mwambao anapoitwa Kigoma mjini kwa semina ya siku mbili, hupanda boti, hutafuta mahali pa kulala, na hupoteza njiani siku ambazo angezitumia shambani au kwa waumini wake. Semina ya mtandaoni inaweza kumpunguzia mzigo huo, ila kwa sharti moja ambalo nitalishikilia katika somo zima: tualike vituo badala ya kualika simu za watu mmojammoja. Kituo ni viongozi sita hadi kumi na wawili waliokaa chumba kimoja, wenye simu au kompyuta mpakato moja, spika moja, na mtu mmoja aliyeandaliwa kuwaongoza.

Utaratibu huu una mizizi katika nchi yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika vijijini kwa vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana chini ya kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Redio haikuweza kumjibu msikilizaji. Kikundi ndicho kilichomjibu. Inanisikitisha kuona semina nyingi za sasa zikiwa na chombo bora kuliko redio ile, huku kila mshiriki akisikiliza peke yake, akiwa safarini au sokoni, na asipoelewa hana wa kumgeukia.

Hatua ya kwanza: tafuta tatizo lililowakwamisha

Barua ya mwaliko inayosema tu "semina ya uongozi" haimwelezi mtu kitakachobadilika katika kazi yake. Wapigie simu viongozi kadhaa, uwaulize ni kazi gani iliyowashinda mwezi uliopita, nawe utapata mambo yanayofundishika: kuandika kitabu cha fedha kinachoweza kukaguliwa, kupokea malalamiko kuhusu usalama wa mtoto kwa kufuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, au kuandaa taarifa ya mwaka. Kila kipindi kibebe jambo moja tu.

Katika suala la taarifa za mwaka, usiwachanganye watu. Makanisa husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ilhali mashirika yana msajili wao chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, hivyo fomu na wajibu wao hutofautiana. Wafundishe pamoja kuhusu fedha, ulinzi wa watoto na usuluhishi wa migogoro. Kuhusu usajili, kila kundi liwe na kipindi chake.

Hatua ya pili: unda vituo na uwaandae viongozi wake

Hapa ndipo semina inapofaulu au kushindwa, nami naomba msiipite haraka. Kiongozi wa kituo si lazima awe mwenye cheo kikubwa kuliko wenzake. Mara nyingi ni heri asiwe, kwa sababu mwenye cheo akisema neno la kwanza, mjadala huwa umekwisha. Tafuta mtu anayesikiliza, anayejua kuandika muhtasari, na asiyeona haya kumwambia mzungumzaji kwamba muda wake umekwisha. Wiki moja kabla ya semina, mpitishe katika somo zima kwa simu, umpatie ukurasa mmoja wenye mambo makuu na maswali matatu ya majadiliano, na umtake auchapishe au aunakili kwa mkono kwa ajili ya wenzake.

Chumba nacho kina uzito wake. Kanisa lililoezekwa kwa bati bila dari halifai kati ya Novemba na Aprili, kwani mvua ikianza kupiga juu ya bati hakuna spika itakayosikika. Ofisi ndogo yenye dari, au darasa lililo karibu, ni bora kuliko ukumbi mkubwa. Siku ya jaribio ifanyike katika chumba chenyewe na saa ileile ya semina, ili mjue kama mtandao wa saa hiyo unatosha, upande gani wa chumba unashika vizuri, na ni laini ya kampuni ipi yenye mnara wa karibu. Betri zijazwe tangu jana yake, na pale penye sola, simu ichajiwe mchana.

Hatua ya tatu: panga siku na saa kwa kufuata maisha ya watu

Kigoma ina kalenda kadhaa kwa wakati mmoja. Ijumaa mchana ni ya Waislamu, Jumamosi ni ya Waadventista Wasabato, Jumapili ni ya makanisa mengine, na kila tarafa ina siku yake ya gulio. Mwambaoni, wazee wengi wa kanisa ni wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa usiku wa giza. Wakati wa mbalamwezi hupumzika, na huo ndio wakati wa kuwaalika.

Saa iandikwe kwa namna isiyoacha shaka. Programu za mikutano huonyesha 15:00, mtu wa Buhigwe huijua kama saa tisa alasiri, na wenzetu wa Bujumbura, Uvira na Kalemie, mkiwaalika, wako nyuma yetu kwa saa moja. Andika yote katika mwaliko: "saa tisa alasiri ya Tanzania, yaani 15:00 kwenye simu yako, Burundi na mashariki ya Kongo ni 14:00."

Hatua ya nne: piga hesabu ya bando

Katika Zoom, ambayo ni programu ya mikutano ya mtandaoni, sauti peke yake huhitaji takriban kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na kuonyesha maandishi kwenye skrini huhitaji kiasi kinachokaribia hicho; video ya mkutano wa watu wengi huanzia kilobiti 600. Kwa dakika 80 za masomo, kituo kinachopokea sauti na maandishi tu hakitazidi sana megabaiti 100, wakati viongozi kumi wanaotazama video, kila mmoja kwa simu yake, watatumia zaidi ya gigabaiti 3.5 kwa jumla. Kwa hiyo mwalimu aonekane kwa video dakika mbili za mwanzo, watu wamwone na kumsalimu, kisha aizime. Bando linunuliwe na waandaaji na kutumwa moja kwa moja kwenye namba ya kiongozi wa kituo.

Hatua ya tano: endesha kipindi katika sehemu tatu

Akaunti ya Zoom isiyolipiwa hupokea hadi watu 100 na hukata mkutano baada ya dakika 40, nayo Google Meet isiyolipiwa huruhusu dakika 60 kwa mkutano wa watu watatu au zaidi. Wengi huona kikomo hicho kuwa kero, lakini kwa vituo kinatufaa. Sehemu ya kwanza, ya dakika 40, mwalimu afundishe kwa dakika 25 na kufafanua kwa muda uliobaki. Kisha wote wakate mawasiliano, na kila kituo kijadili maswali yake matatu kwa nusu saa bila kutumia hata megabaiti moja. Halafu mkutano ufunguliwe upya kwa dakika 40 nyingine, na kila kituo kiripoti kwa dakika tatu. Vituo vinane vitamaliza kwa dakika 24, na muda utabaki wa majibu ya mwalimu.

Mwalimu asiachiwe kila kitu. Mtu mwingine afungue mkutano, akubali wanaoingia kwa kuwatambua kwa jina la kituo, na afunge maiki zinazopiga kelele. Wa tatu aandike maamuzi.

Hatua ya sita: waunganishe baada ya kipindi

Kila kituo kiseme tendo moja litakalofanyika ndani ya siku 14, kwa mfano kufungua kitabu cha fedha chenye sahihi mbili. Kisha viunganishe vituo viwiliviwili, cha bara na cha mwambao, viongozi wao wapigiane simu kuulizana kuhusu tendo hilo. Kundi la WhatsApp la watu wote lina manufaa ya matangazo, lakini urafiki wa kazi hujengwa na watu wawili wanaofahamiana kwa jina na shida. Na pale fedha zinapopatikana, wakutanisheni ana kwa ana walau mara moja kwa mwaka.

Maswali ya wanachama

*Mwinjilisti, mwambao wa Uvinza:* Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Kijijini kwetu mtandao hautoshi hata kwa ujumbe wa sauti. Je, sisi tumeachwa nje?

Amina, mtumishi. Hamjaachwa. Anayerekodi mkutano wa Zoom kwa kompyuta hupata pia faili la sauti peke yake, ambalo linaweza kuwekwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kukabidhiwa mtu anayekuja kwa boti. Kituo chenu kitasikiliza wiki moja baadaye, kijadili maswali yaleyale, na majibu yenu yaandikwe na kurudishwa kwa njia hiyohiyo. Jambo la lazima ni mwalimu ayasome majibu hayo na kuyajibu katika kipindi kinachofuata, akitaja kituo chenu, ili nanyi muwe washiriki kamili.

*Mratibu wa shirika la vijana, Ujiji:* Asalamu alaykum. Mimi ni Mwislamu na shirika letu linahudumia vijana wa imani zote. Semina hufunguliwa kwa sala na wimbo wa Kikristo, nasi tunajiona wageni. Mnashauri nini?

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu, na ahsante kwa kulisema wazi. Semina ikiwa ya kanisa, ina haki ya kufunguliwa kwa namna ya kanisa. Ikiwa imealika mashirika, ibada ifanyike kituoni kabla ya kuunganishwa, na mkutano wa pamoja uanze kwa salamu na utambulisho wa vituo. Ratiba nayo iache nafasi ya sala ya alasiri. Yale majadiliano ya nusu saa yakiangukia wakati huo, hakuna atakayekosa somo.

*Mchungaji mstaafu, Kasulu:* Vijana wanasema sasa hakuna haja ya chuo cha Biblia, kwa kuwa kila kitu kiko mtandaoni. Nashindwa kuwajibu.

Shikamoo, mchungaji. Waambie kwamba mwaka 1963, seminari ya Kipresbiteri nchini Guatemala ilianza kuwafuata wanafunzi walipoishi, wasome nyumbani bila kuacha familia na huduma, na utaratibu huo ukaenea katika nchi nyingi. Hata hivyo wanafunzi wale walikutana na mwalimu mara kwa mara, kwa kawaida kila wiki, na walisoma kwa miaka. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kina vituo mikoani na mitihani inayosimamiwa. Semina yetu ya dakika 80 humsaidia aliye kazini kufanya jambo moja vizuri zaidi. Haimfanyi mtu kuwa mchungaji, na cheti chake kisiandikwe kana kwamba imemfanya hivyo.

*Katibu wa umoja wa akina mama, Buhigwe:* Mwalimu, kituoni kwetu akina mama tunakaa nyuma, na wachungaji wakishazungumza hatuna la kuongeza. Wengine wanatumia simu za waume zao.

Dada yangu, hili ni kubwa kuliko mtandao, lakini mtandao unaweza kusaidia. Ombeni kituo cha akina mama peke yao, hata katika nyumba ya jirani, chenye kiongozi wake na nafasi yake ya kuripoti. Ikishindikana, mjadala ufanyike kwa makundi mawili katika chumba hicho na mwanamke aripoti kwanza. Aliye na simu ya mumewe hahitaji simu nyingine, kwa kuwa simu ya kituo ni moja. Waandaaji nao wahesabu nani amezungumza; kipindi kikiisha bila sauti ya mwanamke, kipindi kinachofuata kifunguliwe na ripoti ya akina mama.

*Mhasibu wa shirika, Kibondo:* Washiriki wanauliza posho. Tufanyeje?

Semeni mapema, kwa maandishi, kwamba posho ya kikao haipo kwa kuwa hakuna aliyesafiri mbali, lakini kuna bando, chai na nauli ya anayetoka kijiji cha jirani. Kiasi kilichotumwa kwa kila kituo kisomwe mbele ya washiriki wote.

*Mratibu wa mafunzo, Kigoma mjini:* Mfadhili anataka orodha ya washiriki, namba zao za simu na rekodi za video. Je, nimpe?

Usimpe kabla ya kuwauliza wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa zinazoonyesha imani ya dini ya mtu kuwa taarifa nyeti, na orodha ya washiriki wa semina ya kanisa ni taarifa ya namna hiyo. Tangaza mwanzoni kama unarekodi na kwa ajili gani, na uzime rekodi wakati wa majadiliano ya kesi za watoto au migogoro ya ndoa. Mfadhili anaweza kutosheka na idadi ya washiriki kwa kituo, jinsia zao, matendo waliyoahidi na yaliyotekelezwa. Akihitaji kuhakiki, mpe namba ya kiongozi wa kituo ambaye ameridhia kwa maandishi.