Ukikabidhiwa karatasi katikati ya kikao: jinsi ya kutafsiri hati kwa mdomo papo hapo

Kila mkalimani wa jamii, yule anayefanya kazi hospitalini, shuleni na katika ofisi za huduma, anaijua hali hii. Watu wanazungumza kwa zamu, kazi inakwenda vizuri, halafu mtoa huduma anasogeza karatasi mezani: "Hebu msomee hii, kisha atie saini." Unatakiwa kusoma maandishi ya lugha moja huku ukiyatamka kwa nyingine, bila rasimu na bila muda wa kufungua kamusi. Wengi huanza kusoma mara moja ili wasionekane wazito. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu nusu ya kazi hii hufanyika kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya 1: Ipime hati kabla ya kuikubali

Pitisha macho ukurasa mzima: urefu, aina ya hati, mwandiko. Kama kipimo, katika mtihani wa mdomo wa wakalimani wa mahakama za majimbo ya Marekani, mtahiniwa hupewa hati ya maneno yapatayo 225 na dakika 6. Huyo ni mtu aliyejiandaa, chumba kimetulia. Basi mkataba wa kurasa kumi usikubali kuusoma papo hapo, hata ukisihiwa vipi.

Barua ya miadi, maelekezo ya dawa, notisi ya shule na fomu fupi ya ridhaa zinafaa. Mikataba, hukumu na hati ndefu za kisheria zinahitaji mfasiri wa maandishi, muda, na mtu wa pili wa kuzipitia. Kijitabu cha maelezo kina njia yake: mtoa huduma aeleze yaliyomo kwa maneno yake, nawe umkalimanie.

Ukikataa, kataa kwa heshima, ukijitaja kama "mkalimani", na uwape njia nyingine: "Daktari, mkalimani anaomba kusema kwamba hati hii ni ndefu na ya kisheria, hawezi kuhakikisha usahihi akiisoma papo hapo. Je, ipo nakala iliyotafsiriwa, au utapenda kumweleza mwenyewe?" Kisha mwambie mteja maneno hayo hayo kwa lugha yake, asibaki akijiuliza mnanong'onezana nini.

Jambo moja mimi silegezi hata kidogo: mtoa huduma aliyeleta hati asitoke chumbani. Akiondoka, mteja akauliza, "Haya madhara ni makubwa kiasi gani?", wa kujibu utakuwa wewe peke yako, na wewe si daktari.

Hatua ya 2: Soma kimya

Omba dakika moja au mbili. Hakuna aliyewahi kudharauliwa kwa kuomba kusoma kwanza. Tafuta nani anafanya nini, vitenzi, tarakimu, majina na vifupisho. Kifupisho usichokijua, uliza sasa. Tarehe kama 03/04 nayo uliza, maana Marekani mwezi hutangulia na katika nchi nyingine nyingi siku ndiyo hutangulia.

Saa ni mtego mkubwa kwetu. Karatasi ya Kiingereza inasema dawa inywewe 8:00 asubuhi. Jicho linaona nane, na ulimi uliochoka unatamka saa nane. Mgonjwa anameza dawa yake mchana. Andika "saa 2 asubuhi" kwenye daftari lako kabla ya kuanza, wala usiitegemee akili ikufanyie hesabu hiyo ukiwa katikati ya sentensi.

Hatua ya 3: Ikate sentensi

Chukua sentensi hii ya fomu ya upasuaji:

"Mimi niliyetia saini hapa chini, baada ya kuelezwa madhara yanayoweza kutokea, nakubali kufanyiwa upasuaji uliotajwa pamoja na taratibu nyingine zozote ambazo daktari ataona ni za lazima."

Ikate kwa macho: mimi niliyetia saini hapa chini / nimeelezwa madhara yanayoweza kutokea / nakubali kufanyiwa upasuaji uliotajwa / nakubali pia taratibu nyingine zozote / ambazo daktari ataona ni za lazima. Kila kipande kinatamkika kwa pumzi moja, na hakuna kilichoachwa.

Sasa tazama kipande cha nne. Ukimwona mteja ana hofu, utashawishika kukipunguza makali au kukimeza kabisa. Lakini huenda ndicho ambacho angekikataa kama angekisikia. Kitamke kwa sauti ile ile uliyoanza nayo.

Ukitoka Kiingereza kwenda Kiswahili, jicho lazima litangulie mbali zaidi. Kule sifa hutangulia na nomino huja nyuma, wakati mwingine baada ya maneno manne. Huku huwezi kuanza kabla ya kuiona nomino, maana hujui kama utasema mpya, kipya au jipya.

Hatua ya 4: Tamka

Anza na kichwa cha hati, kisha kila kitu hadi maandishi madogo ya chini. Mwendo uwe mmoja. Polepole bila kukwama ni bora kuliko mbio zenye vituo. Ukikosea, sema "mkalimani anasahihisha", rekebisha, endelea. Lugha ikiwa ngumu, usiirahisishe kwa hiari yako. Mwambie mtoa huduma kwamba huenda mteja hajaelewa, naye afafanue.

Hatua ya 5: Maswali na saini

Mteja akikunong'oneza, "Ungekuwa wewe ungetia saini?", lifikishe swali hilo kwa mtoa huduma kama lilivyo. Usimjazie fomu: mtoa huduma aulize na aandike, wewe ufanye kazi ya kukalimani tu. Kama kuna nafasi ya saini ya mkalimani, isome kwanza. Unaweza kuthibitisha kwamba umeitafsiri hati. Kwamba mteja ameielewa, hilo si lako kuthibitisha.

Baadaye rudisha karatasi, chana ulichoandika daftarini, wala usipige picha. Kuingiza hati ya mteja kwenye programu ya tafsiri ya simu ni kuvujisha siri zake, hata kama ulitaka neno moja tu.

Mazoezi

Chukua karatasi ya maelekezo ya dawa. Isome kwa sauti katika lugha yake, macho yakitangulia mdomo. Irudie kwa maneno yako katika lugha ile ile, kisha ndipo uitafsiri huku ukijirekodi. Sikiliza kesho yake, karatasi ikiwa mkononi, na uweke alama kwenye kila ulichoruka. Anza kuwinda maneno madogo: "isipokuwa", "angalau", "kabla ya", "isizidi". Hayo hudondoka bila hata wewe kusikia.