Upasuaji wa kukaza uso: maandalizi na siku za mwanzo za kupona

Upasuaji huu hutibu kulegea: mashavu yaliyoshuka na ngozi inayoning'inia tayani na shingoni. Haufuti mikunjo midogo ya kuzunguka mdomo, wala haugusi kope. Mwoneshe daktari kasoro zako mbele ya kioo ukiwa umekaa wima, kwani ukilala mashavu hurudi nyuma na uso huonekana hauna tatizo.

Muulize atavuta nini. Kinachopaswa kubeba mvuto ni tabaka la nyuzi na misuli lililo chini ya ngozi; ngozi yenyewe hutandazwa tu juu yake na ziada ikakatwa. Ikibebeshwa ngozi, kovu hutanuka na ndewe ya sikio huburutwa chini hadi ikashikana na shavu.

Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla, na isirudiwe kwa wiki 4 baada ya upasuaji. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya nyuma ya sikio ndiyo hufa mapema. Sigara za kielektroniki nazo zimo, hata kama muuzaji anasema vingine. Ibuprofeni, vitamini E na vidonge vya mafuta ya samaki kwa kawaida husimamishwa wiki 2 kabla. Aspirini ya moyo usiiache bila idhini ya daktari aliyekuandikia. Kama una historia ya makovu ya keloidi (yanayovimba na kukua kupita mipaka ya jeraha), sema mapema.

Hatari kubwa ya saa 24 za kwanza ni damu kuvilia chini ya ngozi, hasa kwa wanaume na wenye shinikizo la damu. Uvimbe wa kawaida hupanda taratibu pande zote mbili. Upande mmoja ukivimba ghafla, ukawa mgumu na maumivu yakazidi, piga simu usiku huohuo: damu hiyo huikandamiza ngozi na kuinyima lishe.

Lala chali, kichwa kikiinuliwa nyuzi 30 hivi. Usiiname wala kunyanyua mizigo kwa wiki 2 au 3. Nyuzi za mshono hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 10.

Ganzi kuzunguka masikio huweza kudumu miezi. Usiweke barafu moja kwa moja hapo, na kikaushia nywele kiwe baridi, kwa sababu utaungua bila kuhisi. Wanaume watumie mashine ya umeme kunyolea; ngozi ya ndevu husogea karibu na sikio, na pengine watalazimika kunyoa hata nyuma yake.