Orientiringi kwa maveterani: namna ya kujiandaa na kuingia Mashindano ya Dunia ukiwa na miaka 35 na kuendelea

Orientiringi ni mbio za kusaka vituo kwa ramani na dira. Unapewa ramani saa yako inapoanza kuhesabu, vituo vimechorwa kwa viduara vya zambarau vyenye namba, nawe unavipitia kwa mpangilio huo kwa njia unayoichagua mwenyewe. Kwenye michezo mingi mtu akishapita miaka 35 hubaki na bonanza la maveterani la Jumapili. Hapa ana Mashindano ya Dunia yake, WMOC, yanayofanyika kila mwaka chini ya Shirikisho la Kimataifa la Orientiringi (IOF). Hayana mchujo wa timu ya taifa wala kocha wa kukupitisha: unajiandikisha mwenyewe, unalipa ada, unakwenda. Mwaka 2022 yalikuwa Vieste, Italia. 2023 Košice, Slovakia. 2024 Turku, Ufini. 2025 Girona, Hispania.

Ushauri wetu kabla ya yote: usianzie huko. Maliza kwanza mashindano kumi hivi ya kawaida, hata madogo, bila kukosa kituo. WMOC ni wazi kwa kila mtu, lakini msitu wa Ufini haumhurumii anayejifunza kusoma kontua (mistari ya ramani inayoonyesha miinuko) siku hiyo hiyo.

Daraja lako ni lipi

Madaraja hupanda kwa miaka mitano mitano: M35, M40, M45 kwa wanaume na W35, W40, W45 kwa wanawake, hadi miaka 90 na zaidi. Umri huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda, siyo kwa siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa Desemba 1976 ni M50 tangu Januari mosi 2026, ingawa kwa cheti bado ana 49. Unaruhusiwa kushuka kwenye daraja la vijana kuliko wewe, ila huwezi kupanda la wazee kabla ya mwaka wako. Kushuka kuna maana pale tu unapotaka kukimbia pamoja na mtu fulani. Ukifuata matokeo, baki kwenu, maana mwaka wa kwanza ndani ya daraja jipya ndio unaokupa faida ya kuwa mdogo kuliko wenzako.

Kwa utaratibu wa miaka ya karibuni kuna mbio fupi za mjini zenye mchujo na fainali, kisha mchujo wa msituni, fainali ya mbio za kati na fainali ya mbio ndefu. Daraja likiwa na watu wengi, hugawanywa kwenye makundi ya mchujo, na nafasi yako ndani ya kundi ndiyo inayoamua kama utakimbia fainali A, B au C. Medali ziko A tu. Kwa hiyo mchujo haukimbiwi kama fainali. Anayelenga A kwenye mchujo anatafuta mbio safi kwa asilimia 90 ya kasi yake, kwa sababu kosa moja la dakika sita linamshusha kuliko uzembe mdogo wa miguu kwenye vituo vyote.

Kama wiki nzima ya WMOC ni nzito kwa kuanzia, iko O-Ringen ya Uswidi: hatua tano kila Julai, tangu 1965, yenye madaraja ya maveterani pamoja na njia za wazi ambazo mtu huchagua urefu na ugumu wake. Uingereza kuna mashindano ya JK kila Pasaka, na Scotland kuna Siku Sita kila baada ya miaka miwili. Kwa Mswahili anayeishi Ulaya hizi ni rahisi kufika kwa treni. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam ahesabu viza kama sehemu ya mazoezi: ombi la viza ya Schengen (ya Uswidi na nchi nyingi za Ulaya, siyo ya Uingereza) hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, na bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000. Lipa ada ya mashindano mapema, omba barua ya mwaliko kwa waandaaji, ndipo upange miadi ya ubalozi.

Kujiandikisha

Fungua akaunti kwenye mfumo wa IOF uitwao Eventor. Utaulizwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, mwaka wa kuzaliwa, daraja, na namba ya kadi ya kielektroniki, ile inayorekodi vituo ulivyopita. Kama huna kadi, chagua kukodi. Ada hupanda kila tarehe ya mwisho inapopita, hivyo anayesubiri hadi dirisha la mwisho hulipia uvivu wake. Pakua taarifa zote zinazotolewa na usome ya mwisho kwa makini, kwa sababu ndiyo inayotaja umbali wa kutembea hadi mwanzo. Kilomita mbili za kupanda kabla ya kuanza si jambo la ajabu.

Dawa unazotumia

Hapa maveterani wengi hushtuka. Kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli zinawahusu hata wewe wa miaka 68. Dawa nyingi za presha hazina tatizo kwenye mchezo huu, lakini zile za kukojosha, kama hydrochlorothiazide na furosemide, zimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, na vidonge vingi vya presha huchanganywa na hydrochlorothiazide bila mgonjwa kujua. Insulini nayo imo. Soma jina la kemikali nyuma ya pakiti, siyo jina la biashara, kisha muulize daktari kama ipo dawa mbadala au kama unahitaji kibali cha matibabu. Usiache dawa kienyeji kwa ajili ya mbio. Na kama miaka kumi hujapimwa moyo ukiwa kwenye mazoezi, pimwa kabla hujaanza kupanda milima kwa kasi.

Vifaa

Dira kwanza. Wakimbiaji wengi hutumia ya kidole gumba, inayofungwa kwenye gumba la mkono ulioshika ramani ili jicho lione vyote pamoja. Angalia imetengenezwa kwa ukanda upi. Sindano huongezewa uzito kidogo ili ilale sawa, kwa sababu mvuto wa sumaku ya dunia huivuta chini upande mmoja kulingana na mahali ulipo. Ya Ulaya ya kaskazini ikiletwa Tanzania, ncha yake ya kusini huinama na kukwaruza chini, na unaposimama inachelewa kutulia. Anayefanya mazoezi Afrika Mashariki na kushindana Ulaya anunue yenye sindano ya dunia nzima, au awe na mbili.

Macho pia ni kifaa. Kwenye karatasi ya 1:10,000 kijiwe kimoja ni kidoti cha nusu milimita. Ndiyo maana maveterani hupewa ramani zilizokuzwa: 1:10,000 badala ya 1:15,000 ya wakimbiaji wa daraja la juu kwenye mbio ndefu, na 1:7,500 kwa wazee zaidi. Hata hivyo nunua dira yenye kioo cha kukuza, au miwani ya michezo yenye sehemu ya kusomea chini. Miwani ya kawaida ya kusomea haifai: ukiinua macho kuangalia mbele, mizizi inaonekana ukungu, na hapo ndipo kifundo cha mguu kinapoteguka.

Viatu vya msituni viwe na meno ya mpira yenye vipini vya chuma. Kwenye mbio za mjini vya chuma kwa kawaida havikubaliki, na kwenye mawe laini huteleza hata pale vinaporuhusiwa. Vaa suruali ndefu nyepesi na soksi ndefu. Ulaya ya kati na nchi za Baltiki zina kupe wanaoambukiza homa ya ubongo na ugonjwa wa Lyme; kwa homa hiyo kuna chanjo ya dozi kadhaa, hivyo ianze miezi kabla ya safari. Kupe hung'olewa kwa kibano karibu na ngozi siku hiyo hiyo, bila kumpaka mafuta wala kumchoma.

Filimbi ibebe, hata kama haikulazimishwa. Kilio cha msaada ni mipulizo sita ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena.

Kusoma ramani

Rangi hazifanani na za shuleni. Nyeupe ni msitu unaokimbilika. Kijani kadiri kinavyokolea ndivyo vichaka vinavyokuzuia. Njano ni uwanda wazi. Kahawia ni umbo la ardhi. Nyeusi ni mawe, njia na majengo. Kontua huwa kila mita 5. Mistari ya kaskazini imechorwa kwa kaskazini ya sumaku, kwa hiyo husahihishi chochote: geuza ramani mpaka mistari iwe sambamba na sindano na ncha nyekundu ielekee juu ya ramani. Kwenye ramani ya msituni nafasi kati ya mistari hiyo ni mita 300 ardhini, kipimo kizuri cha haraka.

Kosa la kwanza linaloangusha watu wanaotoka mbio fupi kwenda za msituni ni kipimo. Kwenye 1:4,000 sentimita moja ni mita 40. Kwenye 1:10,000 ni mita 100. Jicho lililozoea mji jana huona kituo kiko karibu, hukimbia mita 40, huanza kutafuta mahali ambapo hakuna kitu. Kabla ya kuondoka kwenye pembetatu ya mwanzo, yaani alama ya mahali pa kuanzia, soma kipimo kwa sauti.

Pima hatua zako. Weka alama za mita 100 kwenye njia tambarare, hesabu kila mguu wa kushoto unapogusa chini. Wengi hupata kati ya 38 na 45 wakikimbia taratibu, na 60 hadi 65 wakitembea. Rudia kwenye mteremko, mpando na vichaka. Andika namba hizo nyuma ya dira.

Kwenye kila mkono, yaani safari ya kituo kimoja hadi kingine, anza kutafuta kutoka nyuma. Tazama duara la kituo, tafuta karibu yake kitu kikubwa usichoweza kukikosa: njia panda, kona ya uwanda, kilima. Hicho ni mlango wako. Fika mlangoni kwa kasi, kisha punguza, shika dira, hesabu hatua. Kati ya mlango na kituo pasizidi mita 100 hadi 150. Tafuta pia kitu kilicho nyuma ya kituo, mto au barabara, kitakachokuambia umepitiliza.

Kwa maveterani mzunguko kwa njia mara nyingi hushinda mstari ulionyooka. Hesabu mita moja ya kupanda kama mita 8 hadi 10 za tambarare. Mkono unaokata kilima kwa kontua sita ni mita 30 za kupanda, sawa na mita 240 hadi 300 za ziada. Njia inayozunguka kilima kwa ziada ya mita 200 ndiyo ya kuchukua, na miguu itakushukuru kwenye fainali ndefu.

Ukipotea, simama. Geuza ramani sawa na dira, jiulize mara ya mwisho ulikuwa na uhakika wapi, na umekwenda muda gani tangu hapo. Bila jibu ndani ya nusu dakika, rudi kwenye kitu kikubwa ulichokiona. Kuzungukazunguka ukitumaini bendera ya kituo itajitokeza ndiko kunakozaa makosa ya dakika kumi.

Mbio fupi zina mtego mwingine. Ukuta uliochorwa kwa mstari mzito mweusi, ua wa kijani kilichokolea sana, na eneo la kijani cha zeituni ni marufuku kuvuka, hata kama mbele yako unaona mlango uko wazi. Ukivuka unafutwa. Wanaoishi karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu wana uwanja wa mazoezi unaofanana na miji ya zamani ya Italia: vichochoro, kona za ghafla, njia zisizotoka. Chora ramani yako kwa programu huria ya OpenOrienteering Mapper, au tumia MapRun, ambayo simu hutoa mlio unapofika mahali pa kituo bila kuhitaji bendera. Fanya mapema asubuhi, kabla vichochoro havijajaa.

Siku yenyewe

Bendera ya kituo ni miraba mitatu ya sentimita 30 kila upande iliyounganishwa kwa umbo la pembetatu, nyeupe na rangi ya chungwa, na kituo kina kodi, yaani namba yake ya utambulisho, kuanzia 31 na kuendelea. Linganisha kodi na orodha ya maelezo kabla ya kugonga, yaani kusomesha kadi yako kwenye kifaa cha kituo, kwani jirani mita 40 kunaweza kuwa na kituo cha daraja jingine. Orodha hiyo husomwa kwa alama: safu ya A ni namba ya mpangilio, B ni kodi, D ni kitu chenyewe, G ni upande gani wa kitu bendera ilipo. Safu ya G hupuuzwa sana. Jiwe la mita mbili huficha bendera iliyo upande wa kaskazini.

Kabla ya kuanza, kadi husafishwa kwenye kifaa cha kufuta kisha hukaguliwa kwenye kingine. Kwa kadi za kugusa, kifaa cha kituo hutoa mlio na mwanga; usiondoe mkono kabla ya hapo. Kadi zisizogusa hupokea ukipita karibu, lakini zina betri, na betri iliyochoka ni sababu isiyokubalika. Kifaa cha kituo kikifa, toboa kwa kitoboleo cha pini kwenye visanduku vya akiba vilivyochapwa pembeni mwa ramani.

Umeruka cha 5 na tayari umegonga cha 6? Rudi cha 5, kisha gonga tena cha 6, endelea. Mfumo hudai mpangilio tu. Kugonga kwa ziada hakuharibu chochote. Na ukiamua kuacha, lazima upite mwisho wa mbio na kadi yako isomwe, la sivyo watu watatumwa msituni kukutafuta hadi usiku.

Baada ya kusoma kadi utapewa karatasi ya muda wa kila mkono. Usiangalie jumla kwanza. Angalia mikono mitatu uliyopoteza muda mwingi kuliko mshindi wa daraja lako, chora kwenye ramani njia uliyopita kweli, na uandike kando: kipimo, mwelekeo, au mlango uliochagua vibaya. Fanya jioni hiyo hiyo, kabla ya kulala, maana kufikia kesho kumbukumbu ya msitu inachanganyika na ya hatua inayofuata.